Nani Humsomea Nani? Uhakiki wa Taarifa ya Mapato na Matumizi ya Kijiji

Katika madarasa yetu ya siasa tumezoea kuhakiki hotuba, maazimio na vitabu. Tunayapima maneno, tunauliza yamesimama upande wa nani, tunafichua kilichojificha nyuma ya lugha nzuri. Lakini iko aina moja ya maandishi inayomgusa mwananchi kuliko hotuba yoyote, na ambayo makada hatujapata kuiweka mezani tukaihakiki. Nayo ni taarifa ya mapato na matumizi ambayo Mtendaji huisoma mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Ni karatasi mbili au tatu tu. Husomwa kwa haraka, hupigiwa makofi, kisha hurudi katika faili. Sisi tunashikilia kwamba vita dhidi ya ubadhirifu vijijini hushinda au hushindwa juu ya karatasi hizo, na kwamba elimu ya siasa tuliyoitoa kwa miaka mingi haikumwandaa mwananchi kuzisoma.

Tuanzie Kisorya, wilayani Bunda, mahali barabara inapokomea ziwani na safari ya kivuko kwenda Rugezi, Ukerewe, inapoanzia. Watu wa mwambao huu huishi kwa ziwa na kwa jembe: dagaa na sangara, mihogo na pamba. Yeyote anayedhani kwamba hawajui hesabu na aende mwaloni mwezi unapoanza kung'aa na uvuvi wa dagaa unaposimama. Huo ndio wakati wa tajiri mwenye mtumbwi na wavuvi wake kukaa chini. Mapato yanatajwa, gharama za mafuta, za taa na za chakula zinaondolewa, kinachobaki kinagawanywa. Mvuvi ambaye hakumaliza darasa la saba anakumbuka ni usiku upi mafuta yalinunuliwa, kwa nani, na kwa bei gani. Tajiri akiongeza lita mbili, ataulizwa. Mtu huyo huyo, akienda kwenye mkutano wa kijiji, tunaambiwa kwamba hana uelewa wa masuala ya fedha! Madai haya ni kasumba, tena ni kasumba yenye faida kwa wenye kuieneza. Kinachomnyamazisha mvuvi kwenye mkutano ni kwamba pale mwaloni aliyaona mafuta yakimiminwa, na pale mkutanoni hakuonyeshwa kitu ila sauti ya msomaji.

Hebu basi tuitazame taarifa yenyewe kama maandishi. Jambo la kwanza ni sarufi yake. Saruji "ilinunuliwa", posho "zililipwa", usafiri "uligharimiwa". Kila kitendo kimetendwa, na hakuna mtendaji. Ni ajabu kidogo kwamba maandishi yanayoandikwa na mtu aitwaye Mtendaji hayana mtenda. Jambo la pili ni fungu la "mengineyo", pamoja na ndugu zake "uendeshaji wa ofisi" na "ufuatiliaji". Mafungu haya hayana ubaya kwa kuwapo kwake, maana ofisi haiendeshwi kwa hewa. Ubaya unaanza pale yanapozidi saruji na mabati. Jambo la tatu, na kwetu ndilo kubwa, ni kwamba taarifa husomwa kwa mdomo. Jumla ya mamilioni ikitamkwa mara moja, kwenye jua, hakuna anayeweza kuishika, hata mwenye shahada. Mwananchi hapewi nakala, na ubao wa matangazo, pale ulipo, mara nyingi umebeba tangazo la chanjo na picha za uchaguzi uliopita.

Tuliwahi kuhudhuria, tukiwa wageni waalikwa, mkutano wa namna hiyo katika kijiji kimoja cha mkoa huu ambacho hatutakitaja. Wananchi walikuwa wamejenga boma la madarasa mawili kwa nguvu zao, wakichimba msingi na kusomba mawe, na fedha za kumalizia zikaletwa. Taarifa ikasomwa. Mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono, akasema, "Mwanangu Mtendaji, shikamoo ya watu wazima sina, naomba kuuliza kimoja tu. Hiyo mifuko ya saruji ilishushwa wapi? Maana mimi nakaa jirani na shule, na lori nililoliona ni moja." Watu wakacheka. Meza kuu ikajibu kwamba muda umekwenda na kwamba wageni wana safari ndefu. Wageni hao tulikuwa sisi. Tulipopewa nafasi tulihutubia juu ya uzalendo, tukapigiwa makofi, tukaondoka. Swali la yule mama halikujibiwa, na tuliokuwa na uwezo wa kudai lijibiwe tulikuwa ndio kisingizio cha kulizima. Tunaliandika jambo hili kwa sababu kujikosoa kusikotaja kosa lolote ni mapambo.

Kwa nini hatukuona? Kwa maoni yetu kosa lilikuwa la kinadharia kabla halijawa la tabia. Ahadi ya mwanachama, tangu enzi za TANU, inamkataza mtu kupokea rushwa na kuitoa. Ni ahadi njema, na hatuna haja ya kuipunguza. Lakini inachora picha ya watu wawili: mmoja anatoa, mwingine anapokea. Katika picha hiyo mwananchi yupo, anajua kwamba ameombwa, anajua ametoa kiasi gani, na anaweza kukataa. Ubadhirifu wa fedha za kijiji hauko hivyo. Mwananchi hakuombwa kitu na hakutoa kitu. Mifuko arobaini imeandikwa sitini, naye alikuwa shambani. Hawezi kukataa kwa sababu hayupo, na hawezi kulalamika kwa sababu hajui. Tukimfundisha asitoe rushwa tumemlinda kwenye dirisha la zahanati na kwenye baraza la ardhi, lakini kwenye daftari la stoo tumemwacha mikono mitupu.

Udhaifu wa namna hiyo unaonekana hata katika jinsi tulivyoisoma Ripoti ya Tume ya Rais ya Kero ya Rushwa ya mwaka 1996. Mwenyekiti wake, Jaji Joseph Warioba, ni mzaliwa wa Bunda hii hii. Ripoti ilitenganisha rushwa ya watumishi wa chini, ambao kipato hakiwatoshi kujikimu, na ile ya wakubwa wanaosukumwa na uroho wa mali. Tofauti hiyo ni ya kweli na ilihitaji ujasiri kuitamka. Sisi makada tuliichukua nusu ya kwanza tukaigeuza huruma: Mtendaji wa kijiji ana mshahara mdogo, basi tusimbane. Kana kwamba mshahara wa Mtendaji ni mdogo kuliko kipato cha mama aliyesomba mawe bila malipo!

Upande wa vyombo hatuna upungufu wa historia. Sheria ya Kuzuia Rushwa ilitungwa mwaka 1971, kikosi kikaundwa 1975, kikawa TAKURU mwaka 1991, na kwa sheria ya 2007 ikawa TAKUKURU. Majina yamebadilika, lakini njia ya malalamiko imebaki ya kupanda juu: mwananchi anapeleka habari wilayani, kisha anangoja. Kwa mtu wa Kisorya kwenda Bunda mjini kutoa taarifa ni nauli na siku nzima ya kazi, na akirudi atakuta kijiji kizima kinajua alikokwenda.

Kumbe sheria imeweka nguvu nyingine karibu naye zaidi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, kifungu cha 141, inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, kuwa mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya sera ya kijiji, wenye uwezo wa kuichagua Halmashauri ya Kijiji na kumwondoa mjumbe yeyote, au wote. Kwa maandishi, hakuna bosi kijijini anayeuzidi mkutano. Lakini hapa pana ukinzani ambao makada hatuna budi kuukabili. Mtendaji, anayetunza daftari, si mtu wa mkutano. Ameajiriwa na Halmashauri ya Wilaya na huko ndiko nidhamu yake ilipo. Wananchi wanaweza kumwondoa mwenyekiti wao waliyemchagua, ambaye huenda hajawahi kukishika kitabu cha fedha, lakini mwenye kitabu wanaweza tu kumkataa na kuomba. Na jibu la ombi hilo, mara nyingi mno, ni uhamisho. Kijiji hiki kinashangilia, kijiji cha pili kinapokea mgeni na faili lake safi.

Ukinzani huu una mizizi. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulihesabu kuwa sehemu ya maendeleo kila hatua inayowapa wananchi uwezo zaidi juu ya mambo yao, na ukawaonya viongozi dhidi ya ujeuri. Mwaka uliofuata, kwa jina la Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikavunjwa, na madaraka yaliyoshuka kutoka Dar es Salaam yakaishia mikononi mwa wataalamu wa mkoa na wilaya. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, alikiri mwaka 1984 kwamba kuvunja serikali za mitaa, pamoja na vyama vya ushirika, ni jambo ambalo asingelifanya kama angeanza upya. Serikali za mitaa zilirudi kwa sheria za 1982. Kilichorudi pamoja nazo ni mazoea ya miaka kumi, ya mtumishi kutazama juu.

Wako wanaosema dawa ni kubandika hesabu ukutani, na kwa kawaida hututajia Uganda. Mfano ni mzuri. Watafiti walifuatilia ruzuku ya shule za msingi ya miaka 1991 hadi 1995, wakakuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu iliyokuwa ikifika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa wilayani, na shule zikatakiwa kubandika kilichopokelewa. Kufikia 2001 kiwango kilizidi asilimia 80. Hata hivyo wachambuzi wengine wameeleza, na sisi tunakubaliana nao, kwamba katika miaka hiyo hiyo mfumo mzima wa fedha za elimu ulifanyiwa mageuzi, kwa hiyo karatasi ya ukutani haistahili sifa yote.

Zaidi tulijifunza kutoka Changamwe, Mombasa. Huko mwaka 2007 shirika la MUHURI, likisaidiwa na ndugu wa MKSS kutoka Rajasthan, India, liliwafundisha wakazi kusoma nyaraka za miradi ya Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, wakaenda kuikagua miradi yenyewe, ndipo wakaitisha mkutano wa hadhara. Utaratibu huo Wahindi walikuwa wakiutumia tangu 1994: orodha za malipo ya vibarua zilisomwa kwa sauti mbele ya waliotajwa, na watu wakasimama kusema hawakulipwa; majina mengine yalikuwa ya marehemu. Tazama tofauti. Kwetu anayesoma ni Mtendaji na wananchi wanasikiliza. Kule wananchi ndio waliomsomea mtumishi maandishi yake mwenyewe, naye akasikiliza.

Hapa kwetu msingi wa kisheria upo: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuomba nyaraka na kujibiwa ndani ya siku 30. Na hesabu si ngumu. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 zilikusudiwa kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Hiyo ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule ya watoto 800 ilipaswa kuona shilingi 400,000 kila mwezi. Mzazi anayeuza dagaa kwa debe anaipiga hesabu hiyo kabla mwalimu hajafungua daftari, ilimradi aambiwe tarakimu mbili tu.

Watu wa upande huu wa ziwa, kwa bahati mbaya, wanajua gharama ya idadi isiyohesabiwa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 220. Kwa siku kadhaa nchi nzima iliuliza walikuwa wangapi ndani.

Wapo makada wenzetu watakaotuonya kwamba tukiwapa wananchi nyaraka tutafungua mlango wa fitina: ukoo utamshtaki ukoo, na aliyeshindwa uchaguzi atatafuta kisasi. Onyo hili halina budi kupokelewa. Tumeona pia Mtendaji mwadilifu akichafuliwa na wale aliowabana walipe michango. Lakini fitina hustawi mahali ambapo hakuna karatasi. Penye stakabadhi, hati ya malipo na daftari la stoo, mwadilifu ana cha kuonyesha.

Kwa upande wetu tumebadili somo moja. Kipindi cha kwanza cha maadili hatuanzi tena na ahadi. Tunagawa nakala ya hati ya malipo, stakabadhi ya duka na ukurasa wa daftari la stoo, vya kubuni, vyenye makosa manne tuliyoyapanda wenyewe, na wanafunzi wanayatafuta. Safari iliyopita kijana mmoja kutoka vijiji vya Mwibara aliyapata yote, pamoja na la tano ambalo hatukujua tumeliweka. Kisha akauliza: mkutano ukishathibitisha, na Mtendaji akahamishwa badala ya kushtakiwa, kijiji anakohamia kinaambiwa na nani? Tulimwambia aliandike swali lake juu ya ile hati, nasi tukaituma wilayani pamoja na kazi za darasa.