Fadhila kwa amri? Utakatifu wa Mwalimu na mizani yetu mbovu



Naandika kutoka Guildford, hapa magharibi ya Sydney. Kila Oktoba 14 ikikaribia, lile swali letu la siku zote linarudi: hivi Mwalimu Nyerere anastahili kutangazwa mtakatifu? Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua kesi yake mwaka 2005, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Huyu analeta orodha yake: hakuiba, hakujilimbikizia mali, alihudhuria Misa karibu kila siku, aling'atuka mwenyewe 1985. Yule naye analeta yake: watu kizuizini bila kesi, vijiji vya lazima, Hanga. Mwisho wake kila mtu anarudi nyumbani na orodha aliyokuja nayo.

Mimi naona pande zote mbili zimeshika mizani mbovu. Zinajumlisha mema na kutoa mabaya kama mwenye duka anayefunga hesabu za mwezi. Kanisa linauliza jambo jingine: je, marehemu aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa? Zipo tatu za kimungu, yaani imani, matumaini na mapendo, na zipo nne za kiutu, yaani busara, haki, nguvu na kiasi. Swali ni mtu huyu alikuwa nani. Na asiye Mkristo naye lazima limguse, manake tunazungumzia mtu aliyeshika maisha ya mamilioni ya Waislamu, Wakristo na wenye dini za asili.

Lugha yenyewe inatupoteza kidogo. Mtaani, fadhila ni wema unaomtendea mtu, na mara nyingi unakuwa umemkopesha; ndiyo maana tunasema fadhila ya punda ni mateke. Wanateolojia wetu walilichukua neno hilo hilo wakalipa maana ya tabia njema iliyokomaa, mpaka kutenda mema kunamjia mtu bila kujilazimisha. Sikilizeni tunavyomsifu Mwalimu: alitupa hiki, alitufanyia kile. Bado tuko mtaani. Uadilifu nao umesinyaa. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya haki, lakini leo kiongozi mwadilifu ni yule asiyekula rushwa, basi. Matokeo yake tunampa Mwalimu alama zote za kiasi, halafu tunaziandika kwenye safu ya haki.

Mtakatifu Thomas wa Akwino asingekubali. Kwake, kiasi kinatawala matamanio ya mtu mwenyewe, ila haki siku zote inamhusu mwingine. Tena anasema haki kwa mtawala ni kama ilivyo kwa mjenzi mkuu anayechora nyumba, na kwa raia ni kama ilivyo kwa fundi anayefuata mchoro. Kwa hiyo mtawala hapimwi kwa suti yake ya Chou En-lai au kwa sahani yake ya ugali. Anapimwa kwa nyumba aliyoichora, na kwa jinsi wakaaji wake walivyotendewa wakati inajengwa.

Sasa kipimo cha nyumba hiyo tukitoe wapi? Kwa bahati Mwalimu mwenyewe katuachia. Mwezi Oktoba 1970 alizungumza na masista wa Maryknoll kule New York, na hotuba ile imo katika kitabu chake cha 1973, Uhuru na Maendeleo. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya maandiko mazito ya teolojia ya maadili yaliyotoka kwa Mtanzania, na aliyeyatoa hakuwa padri. Hoja yake: mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi ufukara, ujinga na kuonewa ni matusi kwa Mungu mwenyewe. Kanisa linalotoa sadaka huku likinyamazia mifumo inayozalisha maskini linashirikiana na dhulma. Na maendeleo ni kazi ya watu wenyewe. Kazi ya Kanisa ni kusimama nao wanapojikomboa. Kumbukeni mwaka wenyewe: Gustavo Gutiérrez wa Peru alichapisha kitabu chake kikuu cha teolojia ya ukombozi mwaka uliofuata, 1971.

Lakini hotuba ile ina pengo. Inamjua vizuri sana mwenye dhambi aliye tajiri, mkoloni, au askofu aliyestarehe. Haimjui mwenye dhambi aliye mwanamapinduzi mwema, mwenye nia safi na dola mkononi. Dhambi imewekwa kwenye mifumo, na anayekuja kuivunja anaonekana kama yuko nje yake. Miaka mitatu baadaye pengo lile likawa na majina ya vijiji.

Katika maandiko yake ya 1967 na 1968 alikuwa amesisitiza kwamba ujamaa vijijini hauwezi kujengwa kwa nguvu, kwamba watu hujiendeleza, hawaendelezwi. Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho wake ni 1976. Mamilioni wakahamishwa, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Wachumi wameshaandika mengi kuhusu mavuno. Kosa la kimaadili naliona kwingine. Ujamaa, kama alivyoueleza tangu 1962, ni hali ya moyo, yaani ni fadhila, na fadhila haipo pasipo hiari. Unaweza kumhamisha mtu na kitanda chake, huwezi kumhamisha moyo kwa lori. Amri ile ilikiuka fundisho lake mwenyewe, na ilikiuka lile la Maryknoll pia.

Najua jibu litakalokuja: nia yake ilikuwa njema. Sina shaka nayo. Ila busara, fadhila ya kwanza katika zile nne, kazi yake ni kuchagua njia inayofaa lengo. Nia njema yenye njia mbaya haijafika kwenye fadhila, imeishia kwenye matamanio mema.

Je, ndiyo kusema kesi imekwisha? Hapana, na hapa nawageukia wale wa orodha ya pili. Mwaka 1969 Abdallah Kassim Hanga na Othman Shariff walirudishwa Zanzibar, wakauawa huko. Doa hilo halifutiki kwa Misa za asubuhi. Lakini baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, Zanzibar ilimtaka Abdulrahman Babu. Alihukumiwa kifo asipokuwepo mahakamani, na Mwalimu akakataa kumtoa. Babu alikaa kizuizini Bara bila kesi hadi 1978, jambo ambalo lenyewe ni dhulma, ila alitoka hai. Mtu aliyemtoa Hanga na mtu aliyekataa kumtoa Babu ni mmoja. Kuna kitu kilibadilika ndani yake. Mwaka 1984 alikiri pia hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Lugha ya Kikristo ina jina la mwendo kama huo: toba. Mwenye orodha ya makosa tu hawezi kuiona, na mwenye orodha ya sifa tu hana haja nayo.

Huku Australia mtakatifu wao wa kwanza ni Mary MacKillop, aliyetangazwa 2010. Askofu wa Adelaide alimtenga na Kanisa 1871, adhabu ikaondolewa 1872. Yeye ni rahisi kumpenda, kwa sababu mamlaka yalimwonea. Mwalimu ni mgumu, kwa sababu mamlaka yalikuwa yake. Anafanana zaidi na Thomas More, aliyetangazwa mtakatifu 1935, ingawa alipokuwa mkuu wa sheria wa mfalme wa Uingereza wazushi kadhaa walichomwa moto. Kanisa halidai historia isiyo na doa. Linadai ukweli, na sheria zake zinataka ushahidi wa pande zote ukusanywe.

Ombi langu basi ni moja. Wazee waliohamishwa 1974 na jamaa za waliokaa kizuizini waitwe watoe ushahidi, maana ndio mashahidi wa ile fadhila ya haki, na wanazidi kupungua kila mwaka. Tukiwaacha nje, huenda tukapata picha ya kutundika ukutani, na tukakosa mtakatifu anayeweza kumfundisha kiongozi yeyote namna ya kukiri na kugeuka.

Naomba kuwasilisha. Wenye hoja tofauti, karibuni.