Nomino Ambatani za Kiholanzi: Je, Tahajia Inamsaidia Mwanafunzi?

Nomino ambatani za Kiholanzi huwatatiza wanafunzi waliozoea Kiswahili, na sababu si urefu wake. Tuchukue boom (mti) na stam (shina). Boomstam ni shina la mti, ilhali stamboom ni mti wa ukoo. Sehemu ya mwisho ndiyo kiini, nayo ndiyo hubeba wingi: boomstammen. Mkazo, kwa kawaida, hukaa sehemu ya kwanza: BOOMstammen. Katika neno mwanachama mambo ni kinyume. Kiini na wingi viko mwanzoni (wanachama), na mkazo uko katika silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana mwanafunzi wetu hutamka boomSTAMmen.

Je, tahajia inamsaidia? Hapa ndipo tunapotofautiana na Het Groene Boekje, orodha rasmi ya maneno ya Kiholanzi. Toleo la 1995 liliigeuza pannekoek (aina ya chapati ya maji) kuwa pannenkoek, kwa kuwa wingi wa pan (kikaango) ni pannen. Groentesoep (supu ya mboga) haikupewa n, kwa kuwa groente ina wingi wa namna mbili: groenten na groentes. Zonneschijn (mwanga wa jua) nayo iliachwa, eti kwa sababu jua ni moja tu! Toleo la 2005 lilipunguza vighairi, kwa mfano paardebloem ikawa paardenbloem, lakini kanuni yenyewe ilibaki.

Tunakiri kuwa kanuni hii inaleta ulinganifu katika maandishi. Hata hivyo, wasemaji wengi hawaitamki n hiyo. Mwanafunzi anadaiwa kujua wingi kabla ya kuandika umoja, na bado haambiwi neno linagawanyika wapi. Massagebed likisomwa MASsa-gebed ni sala ya umati. Likisomwa masSAge-bed ni kitanda cha kukandia mwili. Herufi ni zilezile. Mgawanyo wa silabi na mkazo ndivyo vinavyoamua maana.

Kwa hiyo tunapendekeza walimu waanze na sikio: mwanafunzi atafute kiungo cha maneno mawili, aweke mkazo, ndipo aandike. Vighairi kama stadHUIS (ofisi ya mji) vifundishwe baadaye, kimoja kimoja. Kanuni ya n inaweza kusubiri, mkazo hauwezi.