Masizi ya Karabai

Mwaka 2023 watafiti waliotumia darubini ya anga za juu ya James Webb waliona dalili ya mvuke wa maji, wakaandika: ni wa sayari GJ 486 b, au wa madoa ya nyota yake. Vichwa vya habari nilivyosoma vililimeza hilo “au”.

Nondo akipita mbele ya karabai ya wavuvi wa dagaa hapa Mwanza, mwanga hupungua. Ndivyo tunavyopima sayari. Kioo kikiwa na masizi, naye akapita palipo safi, tutamdhania mkubwa kuliko alivyo. Tena madoa baridi ya nyota yanaweza kuwa na mvuke wao wenyewe.

Mwaka 2019 Watanzania tuliiita nyota WASP-71 Mpingo, sayari yake Tanzanite. Anayeitaka Tanzanite hana budi kuanza na Mpingo.