Chungu Husikilizwa

Ukitoka mjini Kakamega kwa barabara ya Kisumu, kabla hujafika Khayega, matatu hupita Ilesi kwa kasi isiyompa abiria nafasi ya kuona ila kitu kimoja: vyungu. Vimepangwa kando ya lami, vingine vimepakatana, vingine vimelazwa kifudifudi kama watoto wa chekechea saa ya kupumzika. Vilivyo mbele kabisa ni vyungu vya maua. Vimepakwa rangi ya mafuta, nyekundu, kijani na ya dhahabu, na jua la asubuhi likivipiga vinametameta hata dereva hugeuza shingo. Nyuma yake, chini ya paa la mabati, ndiko viliko vyungu vya kupikia na mitungi ya maji. Hivyo vina rangi ya udongo na moshi, na ni nadra matatu kusimamishwa kwa ajili yake.

Mimi ni mwana wa hapa na bado nilihadaiwa na macho. Miaka kadhaa iliyopita nilishuka Ilesi nikanunua chungu cha mbele, chekundu, chenye maua meupe shingoni, nikampelekea senje wangu, yaani shangazi, apikie mboga ya mrenda. Senje alikipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akakigeuzageuza, kisha akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nikashikilia kwamba chungu ni chungu. Basi kikatiwa mafigani. Kwanza rangi ilinuka. Halafu ikafura malengelenge. Halafu tukasikia mlio mdogo, kama wa kijiti kinachovunjwa kwa vidole, na maji yakazima moto. Sikuwa nimetapeliwa. Aliyeniuzia hakusema kile ni chungu cha moto, wala mimi sikumuuliza. Kilikuwa chungu kizuri cha maua, na mwenye makosa ni aliyekipeleka jikoni.

Watu wa mwambao wana methali yao kwa mambo kama haya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walimu wetu wa shule ya msingi waliipenda sana, hasa walipotaka kuwatahadharisha wavulana juu ya wasichana warembo. (Wasichana hawakutahadharishwa lolote juu ya wavulana, huo ulikuwa upungufu wa mtaala.) Lakini mbele ya chungu methali hii hunitatiza. Ndani ya chungu ni wapi? Si pale mboga inapokaa. Pale kila mtu hupaona akifunua kifuniko. Ndani hasa ni ndani ya unene wa udongo wenyewe, ambao pengine haufiki upana wa kidole, mahali ambapo jicho halifiki mpaka chungu kivunjike. Na kikishavunjika, kujua hakukusaidii.

Kisa hicho kilinirudia jioni moja ya mvua, ile mvua yetu ya Kakamega inayokuja alasiri na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nilikuwa kwa binamu yangu, mtaa wa Amalemba, na watoto walikuwa wamepata mahali vipindi vya kale vya The Twilight Zone, mfululizo wa Kimarekani wa visa vya ajabu ulioanzishwa na Rod Serling na kurushwa kuanzia 1959 hadi 1964. Tukatazama kimoja kiitwacho Eye of the Beholder, kilichoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 11 Novemba 1960. Mwanamke aitwaye Janet Tyler amelazwa hospitalini, uso wote umefungwa bandeji. Hii ni mara ya 11 anatibiwa sura, na serikali ya nchi hiyo haitampa nafasi nyingine. Asipopona atapelekwa kuishi na wenzake, watu wa sura mbaya. Bandeji zinafunguliwa, mzunguko baada ya mzunguko. Daktari anashtuka: hakuna kilichobadilika. Nasi tunamwona mwanamke wa kizungu aliye mzuri kwa kipimo chochote cha filamu. Ndipo tunapoonyeshwa madaktari na wauguzi kwa mara ya kwanza, pua zimebinuka kama za nguruwe, midomo imepinda, macho yamezama.

Fundi wa nyuso hizo alikuwa William Tuttle wa studio za MGM, na watu wengi hukumbuka kazi yake hiyo. Mimi nilivutwa zaidi na kilichotangulia. Kwa karibu kipindi kizima hatuoni uso wa mtu hata mmoja. Tunaona migongo, vivuli, mikono, watu wanaosimama palepale taa isipofika. Mwelekezi, Douglas Heyes, hakuwa na cha kutushikia ila sauti, na husimuliwa kwamba alipokuwa akiwachagua waigizaji aliwapa mgongo, akawasikiliza wakisoma bila kuwatazama. Alitaka sauti za upole, tuwapende wauguzi wale kabla hatujawaona. Niliposikia hilo nilimkumbuka bibi yetu, tuliyemwita kukhu. Hadithi ya msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijiji akamfuata mgeni mtanashati, kumbe ni linani, zimwi lenyewe, hakuisimulia mpaka moto ubaki makaa na nyuso zetu zimezwe na giza. Kwa sauti yake tu tulijua yule mgeni si mtu, muda mrefu kabla msichana hajajua.

Hata hivyo kipindi chenyewe kina ufa. Kinatuambia uzuri uko machoni mwa anayetazama, kisha kinategemea watazamaji wote wakubaliane, bila kuulizwa, kwamba Donna Douglas na nywele zake za dhahabu ndiye mzuri. Lau wangethubutu kutufungulia chini ya bandeji uso ambao hata sisi ungetutia shida, hapo tungekuwa na la kuzungumza. Binti ya binamu yangu, wa gredi ya sita, alitazama mpaka mwisho akauliza: "Sasa huyo ndiye mrembo? Mbona amekauka hivyo?" Mama yake akamkanya kwamba watu hawasemwi. Mtoto akajitetea: "Lakini ile sauti yake ya mwanzo ilikuwa nzuri." Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Aliyelala ndani ya bandeji na aliyetoka humo ni wanawake wawili. Maxine Stuart ndiye aliyeigiza akiwa amefungwa, kwa koo na vidole tu, na bandeji zilipoisha kufunguliwa kazi yake ilikuwa imekwisha. Uso ukapewa mwingine.

Wiki iliyofuata nikarudi Ilesi, na safari hii vyungu vya mbele nilivipita.

Mama niliyemkuta kivulini alijibu salamu yangu ya mulembe bila kuinua kichwa. Alikuwa amekaa juu ya gunia, miguu ameinyoosha, na kati ya magoti yake palikuwa na nusu ya chungu. Hakuwa na gurudumu la kufinyangia. Kilichozungushwa ni chungu, robo kwa robo, kwa mkono wa kushoto. Alisokota udongo kati ya viganja ukawa kama nyoka, akauzungusha juu ya ukingo, akaubana, dole gumba ndani, vidole vinne nje. Kisha akachukua kipande cha kibuyu na kuanza kulainisha. Niligundua kwamba mkono wa ndani ulifanya kazi zaidi ya ule wa nje. Tumbo la chungu lilisukumwa kutoka ndani, na mkono wa nje ulikuwa wa kupokea tu, kama mtu anayemzuia mtoto asianguke.

Udongo wake, aliniambia, ni wa aina mbili, nao hutiwa mchanga na kukandwa kwa visigino mpaka hewa yote iishe. Nikauliza mchanga wa nini, maana ukipitisha kidole unakukwaruza.

"Ukiwa laini mno unapendeza," akasema. "Halafu moto unaula."

Nimelitafakari jibu hilo na kulisomea kidogo, na naona limebeba somo zima la ufinyanzi. Udongo mtupu uliochekechwa hufinyangika vizuri na kung'aa ukisuguliwa kwa kokoto, lakini umebana mno. Moto ukiupata, unyevu uliosalia hugeuka mvuke, mvuke hukosa njia, na chungu hupasuka kwa kishindo. Punje za mchanga huacha vijitundu. Mvuke hupenya humo, na ufa unaotambaa ukikutana na punje mara nyingi hukwama hapo. Kwingi Afrika wafinyanzi hutwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvirudisha udongoni kwa kazi hiyohiyo, cha kale kikakaa ndani ya kipya bila mtu kukiona. Kwa hiyo kile kinachokwaruza kidole, kinachokinyima chungu uso wa kioo, ndicho kinachokivusha motoni. Rangi ya mafuta huziba vijitundu hivyo vyote, na ndiyo sababu mtungi uliopakwa rangi haupozi maji. Mtungi mtupu hupoza kwa kutoka jasho: maji hupenya polepole, hukaukia kwenye ngozi yake, na kuondoka na joto. Hapohapo Ilesi pana Ikhonga Murwi, Mwamba Unaolia, jiwe kubwa lililobebeshwa jiwe jingine, ambalo wageni hulipiga picha likichuruzika maji. Jasho la mtungi sijaona likipigwa picha.

Akafika shingoni. Akatwaa kikamba cha nyasi kilichosukwa, urefu wa kidole, akakibingirisha kuzunguka shingo yote, kikaacha alama ndogondogo kama nyayo za kifaranga. Nikamsifia pambo. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Mwenye kuteka maji, alisema, mikono yake ina maji. Shingo laini itamponyoka. Nikanyamaza. Nilikuwa nimekuja na mizani yangu, ndani upande huu, nje upande huu, na kumbe kikamba kimoja cha nyasi hakijui kikae wapi.

Chungu kikimalizwa hukaushwa ndani ya nyumba, mbali na jua na upepo, kwa siku nyingi, na msimu wa mvua siku huongezeka. Kuchoma ni kazi ya saa chache. Hakuna tanuri, ni kuni, nyasi kavu na kuvizia siku isiyo na upepo. Moto wa wazi kama huo aghalabu hufika kati ya nyuzi 600 na 900 za selsiasi, na udongo ukishavuka hapo haurudi tena kuwa tope hata ukiloweshwa mwaka mzima. Mahali kuni zilipoegemea hubaki baka jeusi. Wanunuzi kutoka mjini huyakataa mabaka hayo, wakidhani ni kasoro. Mchana ule mama alikula ugali na mboga ya likhubi katika bakuli la plastiki. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Hata kigae, naona, siku hizi kimestaafishwa.

Nilipomwambia nataka chungu cha mrenda aliniashiria kwa kidevu nichague. Nikainama nitazame.

"Hapana," akasema. "Geuka."

Nikageukia barabara. Matatu ikapita na muziki wake, kisha pakatulia. Nyuma yangu akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kililia kama kengele ya mbuzi aliye mbali. Cha pili kilitoa sauti fupi, kama ubao unaogongwa. Hicho hata mimi nilijua kimepasuka. Cha tatu kililia kama cha kwanza, chini kidogo, kizito, sauti ya mtu mzima. Nikasema hicho.

Kimya. Akakigonga tena, taratibu, karibu na kitako, na safari hii nikasikia. Mwisho wa mlio palikuwa na mkwaruzo mdogo sana, kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema uongo.

"Hiki nitakipaka rangi, kitatiwa maua," akasema. Nilikuwa nimeshamgeukia, mkono tayari mfukoni. "Geuka tena, mwanangu."