Geuza Kidogo, Ngoja

Zamani picha mbovu ilikuwa na adabu ya kusema inaumwa nini. Ikijaa chenga, mawimbi yalikuwa dhaifu. Ikitoa kivuli pembeni mwa msomaji wa habari, mawimbi yalikuwa yakifika mara mbili, mara ya kwanza moja kwa moja na ya pili baada ya kugonga kitu njiani. Ikitetemeka sekunde chache kisha ikatulia, ndege ilikuwa inapita kuelekea uwanja wa Port Reitz. Hata mtoto wa hapa Miritini, Mombasa, aliyetumwa nje kushika mlingoti aliyajua hayo bila kufundishwa. "Vipi hapo?" "Bado!" "Na sasa je?" "Hapo hapo, usiguse!" Mji mzima uliwahi kuimba wimbo huo kabla ya taarifa ya habari ya saa moja.

Kisha ikaja Februari 2015. Mitambo ya analojia ikazimwa, Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani kwa takriban wiki tatu katika mvutano wao na Mamlaka ya Mawasiliano, na ziliporudi, king'amuzi kilikuwa kimeshakaa kabatini kama mwenye nyumba. Picha ya dijitali haina mafua. Inang'aa mpaka mawimbi yashuke chini ya kiwango fulani, hapo inaganda, inavunjika vipande, inapotea. Nyumba yenye akiba kubwa ya mawimbi na nyumba iliyobakiza kidogo tu zinaonyesha picha ileile, hadi siku upepo uvume. Kwa hiyo mimi huwaheshimu mafundi wa antena wa sasa kuliko wale wa zamani, maana wanamtibu mgonjwa asiyelalamika.

Fundi anayeijua kazi hapandi juu ya paa upesi. Mama mwenye nyumba ameshaazima ngazi kwa jirani, yeye bado amekaa kwenye stuli anauliza. Tangu lini? Stesheni zote au baadhi? Mchana, au jioni peke yake? Mvua ilinyesha? Kuna mtu aliyesogeza kabati? Maswali haya yanaudhi, lakini kila moja linafunga mlango mmoja. Stesheni za dijitali husafiri kwa makundi, masafa mamoja yakibeba stesheni nyingi. KBC husambazwa na Signet, kampuni yake yenyewe, na zile tatu zilizogoma zilianzisha mtambo wao wa pamoja. Basi kundi moja likipotea na jingine likabaki safi, waya haujakatika. Pengine antena imegeuka kidogo, pengine hitilafu iko huko mtamboni, na hapo fundi mwaminifu atakwambia, "Mama, ngoja mpaka kesho," ajiondokee bila kudai hata nauli. Zikipotea zote kwa mpigo, anapiga magoti nyuma ya televisheni.

Hapo ndipo penye utamu wa kazi hii, na ndipo wengi wanapopadharau. Waya wa antena una kiini cha shaba, ganda jeupe, karatasi nyembamba ya alumini, nyuzi zilizosukwa, halafu ngozi ya nje. Uzi mmoja tu wa ule msuko, mwembamba kama unywele, ukigusa kiini, nyumba nzima inalala bila picha. Fundi anafungua konekta, anaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, anaigeuza mbele ya jicho. Miritini ni bara, lakini mikono ya bahari imetuzunguka na hewa ni ya chumvi. Shaba inaota kutu ya kijani, alumini inatoa unga mweupe, na maji yakishapata upenyo huko juu hunyonywa na nyuzi zile kama mafuta yanavyopanda utambi, mpaka yateremke sebuleni.

Anakata inchi moja, anatazama. Kiini kimefifia. Anakata tena. Anakata mpaka shaba ing'ae. Kisu chake anakizungusha bila kukikandamiza, kwa sababu kiini kikichubuka leo kitakatika mwezi ujao, na lawama zitamrudia. Nyuzi anazikunja nyuma kwa kidole gumba, zote, hakuna unaobaki umesimama. Kisha konekta inaingia kwa kuzungushwa kwa vidole. Nimeona mafundi wa fani kubwa zaidi wakifanya kazi yao kwa uangalifu mdogo kuliko huu.

Juu ya paa kuna historia. Nyumba za kupanga za huku zina mlingoti kwa kila chumba, na kati ya hiyo bado zimo antena za enzi ya VHF, mbavu zake ndefu karibu mita, hazina kazi tena ila kubeba kunguru. Antena ya leo, ya masafa ya megahezi 470 hadi 694, ina mbavu za shubiri moja hadi moja na nusu, kwa sababu urefu wa ubavu hufuata nusu ya urefu wa wimbi. Mpangilio huo wa ubavu mmoja unaopokea, mmoja mrefu nyuma yake na mbavu fupi mbele ulibuniwa na Wajapani Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi mwaka 1926. Kunguru wetu, hawa wenye asili ya Bara Hindi waliotapakaa Mombasa, hawajali. Wanatua kwenye ncha, ubavu unapinda, na fundi anaunyoosha kwa mkono huku akiwatukana kwa sauti ya chini.

Anatazama pia antena za majirani, lakini haziamini zote. Ile yenye kutu haijatazamwa tangu analojia, ile iliyoinama imesukumwa na kusi. Anatazama kilichoko mbele: mwembe ulionenepa, ghorofa jipya, au yadi ya makontena kando ya barabara kuu ya Nairobi. Ukuta wa chuma uliopangwa Jumatatu huenda usiwepo Alhamisi, na mawimbi yaliyokuwa yakidunda hapo yakabadili njia. Mfumo wa dijitali huvumilia mwangwi kwa kiasi, si kila mwangwi.

Kugeuza ndiyo sanaa yenyewe. Mwanagenzi yuko chini mbele ya kioo, anasoma namba mbili, nguvu na ubora. Mgeni wa kazi hufuata nguvu. Fundi anafuata ubora, kwa kuwa nguvu huhesabu hata kelele. Anageuza mlingoti upana wa kidole, anangoja, maana king'amuzi huchelewa kujibu. Anageuza tena, anangoja. Picha ikiwa nzuri hasimami hapo. Anaendelea mpaka iharibike, anaweka alama ya mkaa kwenye paipu, anarudi upande wa pili mpaka iharibike tena, anaweka nyingine. Kisha anafunga nati katikati ya alama mbili. Anatafuta pale ambapo upepo ukiisukuma antena huku au kule, bado pana nafasi.

Kuhusu busta nina neno. Maduka huiuza kama dawa ya kila ugonjwa, na wengi wanaichomeka karibu na televisheni, ambako inakuza kelele ileile iliyokwishaingia. Mahali pake ni juu, karibu na antena, kabla ya waya kula sehemu yake, kwani mita 20 za waya mzuri hupunguza mawimbi kwa takriban nusu. Tena busta za zamani hupokea hadi megahezi 862, na sehemu ya juu ya masafa hayo sasa ni ya simu, hivyo ukiwa karibu na mnara zinashiba simu na kuisahau televisheni. Mara ngapi fundi ameiondoa tu, na picha ikarudi!

Malipo huleta ubishi. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa, na mwenye nyumba anaona amelipia vipande vya waya vilivyoko sakafuni. Fundi habishani sana. Anaokota kipande chenye kutu, anamwachia mezani, anapanda tena kufunga kiungo cha juu kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli na tepu, na kuuacha waya uning'inie kidogo chini ya kiungo ili maji yadondoke kabla ya kuingia. Namba ya ubora anaiandika kwenye simu yake pamoja na jina la nyumba. Mvua za masika zikianza, hupiga mwenyewe kuuliza imeshuka kwa kiasi gani.