Sekunde Kumi

Beshte yangu ambaye tunatengeneza biti pamoja anataka kuuza laptopu na spika, aongezee kodi ya miezi miwili, anunue sampla ya zamani. SP-1200. Nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki.

"Bila hiyo mashine, bro, sauti yangu itabaki plastiki."

Njaa hiyo naielewa. E-mu waliitoa SP-1200 mwaka 1987, na nafasi yake yote ya kurekodi ni sekunde 10. Kipande kimoja hakizidi sekunde 2.5. Simu iliyo mfukoni mwa huyu msee inaishinda mara elfu. Lakini vijana wa New York waliizunguka ile shida: santuri ya 33 waliichezesha kwa 45 ili kipande kirefu kiingie, kisha wakakishusha ndani ya mashine. Kule kushusha ndiko kunakoacha mchanga kwenye ngoma. Sikiliza saksofoni ya Pete Rock katika "They Reminisce Over You", 1992. Kwangu inalia kama iko chumba cha pili, mlango umerudishwa nusu.

Sasa, ule mchanga ulikuwa kovu la kukosa nafasi. Hakuna aliyeununua kama urembo.

Sitasema mashine yenyewe ni porojo, lakini. Ina matundu 8 ya kutolea sauti, na hayalingani: 1 na 2 yana filta inayosogea, 3 hadi 6 filta iliyokazwa, 7 na 8 hayana kitu. Ukipeleka besi kwenye 1 na hihati kwenye 7, tayari umeamua wimbo utakaaje. Programu nyingi za kuiga zinakupa kitufe kimoja cha uzee, basi. Uamuzi umeshafanyiwa.

Ila bei, manze. Mbunifu wake, Dave Rossum, aliirudisha sokoni 2021 kwa karibu dola 4,000. Za zamani nazo zinasoma diski za plastiki ambazo wadogo zetu hawajawahi kushika. Mimi niliwahi kununua MPC ya mtumba. Kisoma diski kikafa wiki ya pili, na fundi akaniuliza kama hiyo ni mashine ya kupima stima. Wakati huohuo Madlib alipika biti kadhaa za *Madvillainy* hotelini Brazil, akiwa na SP-303, kidude cha bei ya chini, na kicheza santuri cha kubeba.

Jumamosi tulijaribu. Simu yake, programu ya Koala, santuri moja ya benga ya babu yake, na sheria: sekunde 10 tu, ikijaa futa. Haikutoka kama SP-1200, nisidanganye. Hihati zilikuwa safi mno, kama sahani za hoteli. Lakini kwa mara ya kwanza nilimwona akifuta. Alikaa na gitaa moja saa nzima, akikata mwanzo wake unywele kwa unywele.

Bado hajaamua. Kodi ni tarehe 5.