Kuchora Thamani ya Maji kwenye Karatasi Moja

Kusini mwa California, Marekani, ipo kalenda ya ukutani ambayo picha zake zote zimechorwa na wanafunzi, kuanzia chekechea hadi sekondari. Inaitwa "Maji ni Uhai". Huitoa Metropolitan Water District of Southern California, taasisi iliyoundwa mwaka 1928 ambayo huuza maji kwa jumla kwa wanachama 26, yaani majiji na mamlaka za maji za maeneo mbalimbali, na kupitia kwao huwafikia watu wapatao milioni 19. Wanachama hao ndio wanaoendesha mashindano ya uchoraji mashuleni, kisha kazi zilizochaguliwa hupanda ngazi hadi kwenye kalenda. Shindano hili linastahili kuchunguzwa kwa makini, maana masharti yake ni ya kitaalamu kuliko yanavyoonekana, na swali lake ni dogo kuliko maji yanayozungumziwa.

Kalenda hulala, kwa hiyo na karatasi hulazwa. Picha ya wima ikiingizwa kwenye nafasi ya mlalo, ama huachwa na weupe pande mbili, ama hukatwa juu na chini. Kuhusu mengine, masharti hutofautiana kidogo kati ya mwanachama na mwanachama, lakini moja ni la kawaida: wahusika wa katuni na filamu wanaomilikiwa na kampuni hawaruhusiwi. Sababu yake ni hakimiliki, ila faida yake ni ya kisanaa. Mtoto akinyimwa samaki maarufu wa filamu, hana budi kumchora bibi yake, mbwa wao, au bomba lililo nyuma ya nyumba yao. Ningekuwa mwalimu, sharti hilo ningelibandika darasani mwaka mzima.

Halafu kuna uchapaji, na hapa ndipo picha nyingi nzuri hufia. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa rangi nne: samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Rangi inayong'aa kama koti la askari wa barabarani haitoki katika mchanganyiko huo, hufifia. Mng'aro wa chengachenga za kubandika hugeuka madoa ya kijivu kwenye skana. Penseli iliyopitishwa kwa mkono mwepesi hupotea kabisa. Kinachosalia ni rangi iliyokandamizwa kwa nguvu na mstari mweusi unaoshika umbo. Tena kalenda hutazamwa na mtu aliyesimama upande wa pili wa chumba, si aliyeinamia meza, kwa hiyo umbo moja kubwa hushinda vitu kumi vidogo.

Sasa maji yenyewe. Hayana rangi wala umbo, na karibu kila mtoto hulitatua tatizo hilo kwa tone la bluu lenye macho na tabasamu. Tone hilo ni alama tu, halijawa maji. Maji huonekana kupitia vitu vingine: mrija unaoonekana kuvunjika ndani ya glasi, kivuli cha mti kinachotetemeka, mstari mweupe mahali jua linapopiga wimbi. Ipo mbinu rahisi ambayo hata mtoto wa darasa la tatu huiweza. Achore mistari ya mawimbi kwa krayoni nyeupe, kisha apitishe juu yake rangi ya maji ya bluu au kijani. Nta ya krayoni hukataa maji, rangi hukimbilia pembeni, na mistari ile hubaki ikimeta. Matokeo yake huchapika vizuri, kwa kuwa mng'aro huo ni weupe wa karatasi wenyewe.

Ufundi, basi, upo. Shida naiona kwenye swali. Mtoto huombwa aonyeshe jinsi ya kutumia maji kwa busara, naye huchora alichoambiwa nyumbani: funga bomba unapopiga mswaki. Ni ushauri mwema, lakini kusini mwa California karibu nusu ya maji ya majumbani huenda nje, hasa kwenye nyasi na bustani. Picha ya ua lililong'olewa nyasi na kupandwa mimea inayostahimili ukame inasema ukweli mzito kuliko mswaki. Na kati ya maji yote yanayotumiwa na watu jimboni humo, takriban asilimia 80 huenda mashambani. Mkulima haonekani kwenye picha ya mswaki.

Hata njia ya maji haionekani. Mfereji wa Mto Colorado una urefu wa kilomita 389, unakatiza jangwa, na vituo vitano vya pampu huyapandisha maji karibu mita 490 kwa jumla. Yale yanayotoka kaskazini mwa jimbo hupandishwa mita 587 na kituo kimoja, Edmonston, ili yavuke milima ya Tehachapi. Mtoto wa Los Angeles hufungua koki bila kuiona kazi hiyo hata kidogo. Siku ya Maji Duniani ya 2021, ambayo mada yake ilikuwa kuthamini maji, Umoja wa Mataifa ulitaja pande za thamani hiyo: vyanzo, miundombinu, huduma, uzalishaji na utamaduni. Mswaki unagusa huduma peke yake.

Mtoto wa Dodoma au Kitui anayechota maji ana jambo ambalo mwenzake wa California hana: anajua kwamba dumu la lita 20 ni kilo 20 kichwani. Akichora shingo iliyokaza na mkono ulioshika dumu, thamani imekwisha kuonekana. Lakini muulize wa Mombasa maji ya bomba la kwao hutoka wapi, na si wengi watakaotaja chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, umbali wa kilomita zipatazo 220. Wa Dar es Salaam naye huenda hajawahi kuuona Mto Ruvu.

Kwa hiyo mamlaka ya maji ya huku kwetu ikitaka kuandaa shindano kama hili, ushauri wangu ni kulibadili swali liwe: chora safari ya maji kabla hayajafika kwenye ndoo yenu. Wiki mbili kabla ya kugawa manila, wanafunzi wapelekwe kwenye chanzo au kituo cha pampu, wakachore kwa penseli wakiwa pale pale. Majaji wawe mchoraji, mchapaji na fundi wa bomba, kwa sababu fundi ndiye atakayegundua kama pampu imechorwa kwa kuonwa au kwa kubuniwa. Na picha zitakazoshinda zitundikwe kwenye madirisha ya kulipia bili, ambako watu husimama foleni na wana muda wa kuzitazama.